Jina Mlangoni, Mikono Mingine Jikoni: Namna Braseri za Wapishi Mashuhuri Zinavyoendeshwa

Mtu anayeweka nafasi katika mgahawa wenye jina la mpishi aliyezoea kumwona kwenye televisheni huingia na swali ambalo kwa kawaida haliulizi kwa sauti: je, ni yeye atakayepika? Jibu ni hapana, na limekuwa hapana kwa miaka mingi kiasi kwamba wapishi wenyewe wameshazoea kulifanyia mzaha. Paul Bocuse, ambaye mgahawa wake karibu na Lyon ulikuwa na nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa katika mwongozo huo wa migahawa, tangu 1965 hadi alipofariki Januari 2018, hunukuliwa mara nyingi akisema kwamba asipokuwepo, anayepika ni yuleyule anayepika yeye akiwepo. Mzaha huo una ukweli mwingi ndani yake. Kinachohitaji kufafanuliwa ni kwa nini unaweza kuwa wa kweli kabisa katika braseri na ukawa wa mashaka katika mgahawa wa aina nyingine, nani hasa anayeshika mwiko, na fedha anazolipa mgeni zinakwenda wapi.

Tuanze na braseri yenyewe, kwa sababu wapishi hawa hawakuichagua kwa bahati. Ilianza kama nyumba ya bia ya watu wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Frédéric Bofinger alifungua ya kwake karibu na uwanja wa Bastille, Paris, mwaka 1864. Baada ya vita vya 1870–71, ambavyo Ufaransa ilishindwa na sehemu kubwa ya Alsace ikachukuliwa na Ujerumani, wenyeji wengi wa huko walihamia Paris na utaratibu wao wa bia, soseji na kabichi iliyochachushwa. Mmoja wao, Léonard Lipp, alifungua Brasserie Lipp mwaka 1880. Kutoka hapo ulijengeka mtindo unaotambulika hadi leo: vioo vikubwa ukutani, viti virefu vya kuegemea, wahudumu wenye vizibao vyeusi na aproni nyeupe ndefu, jiko linalofanya kazi tangu mchana hadi usiku, na menyu ambayo haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Mteja anaweza kuagiza supu peke yake saa kumi alasiri, au kukaa na wenzake kwa mlo kamili saa nne usiku, na wote wawili wakahudumiwa bila kuulizwa. Muhimu zaidi, haendi pale kushangazwa. Anakwenda kula kitu anachokijua, akitarajia kukikuta kama alivyokiacha.

Migahawa ya nyota tatu huenda kinyume na hayo yote. Ukumbi ni mdogo, wapishi ni wengi mno wakilinganishwa na wageni, viungo hununuliwa kwa bei ya juu na sehemu kubwa hutupwa kwa kuwa kipande kilichopinda kidogo hakikubaliki. Mapato yana kikomo kwa sababu viti vina kikomo, ilhali sifa za mpishi hazina kikomo, na ndipo hesabu zinapoanza kumsumbua: jina lake lina thamani kubwa kuliko meza alizonazo. Bocuse alifungua braseri ya kwanza kati ya zile za Lyon, Le Nord, mwaka 1994, kisha zikafuata Le Sud, L'Est na L'Ouest; L'Est iliwekwa katika stesheni ya zamani ya treni ya Brotteaux. Nchini Uingereza, Raymond Blanc, aliyefungua Le Manoir aux Quat'Saisons huko Oxfordshire mwaka 1984, alifungua Le Petit Blanc mjini Oxford mwaka 1996. Thomas Keller, aliyekuwa tayari na The French Laundry huko Yountville, California, alifungua Bouchon katika mji huohuo mwaka 1998, na baadaye nyingine Las Vegas. Wote hao walikuwa na uwezo wa kufungua mgahawa wa pili wa kifahari. Walichagua supu ya vitunguu na steki.

Sababu ya kuchagua hivyo huonekana wazi mtu akitazama namna vyakula hivyo vinavyopikwa. Chukua paja la bata lililopikwa kwa mafuta yake, ambalo ni nadra kulikosa katika menyu ya braseri. Paja hupakwa chumvi, kitunguu saumu na majani ya thaimu, likalazwa kwenye jokofu usiku kucha. Kesho yake huoshwa, hukaushwa, huzamishwa katika mafuta ya bata na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa kadhaa, mafuta yakiwa hayatokoti, mpaka nyama ikaribie kuachia mfupa. Likipoa hubaki limezama ndani ya mafuta hayo na linaweza kukaa siku nyingi bila kuharibika. Kwa kweli ladha huzidi kukaa vizuri. Oda ikifika, mpishi hulitoa, huliweka kwenye kikaango ngozi ikiwa chini, hulisukuma ndani ya oveni kali, na kwa muda ambao mgeni anamaliza chakula cha kwanza ngozi inakuwa imekauka na kuwa na rangi ya kahawia. Utaalamu wote ulitumika jana au wiki iliyopita. Kazi ya leo ni kutoliunguza.

Supu ya vitunguu nayo ni hivyohivyo: vitunguu hukaangwa polepole kwa muda mrefu hadi viwe vyekundu na vitamu, hutiwa mchuzi wa mifupa uliochemka kutwa, na saa ya kuandaliwa kinachobaki ni kuweka mkate na jibini juu ya bakuli na kuliingiza chini ya moto. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai huwa nzuri zaidi ikipashwa moto siku ya pili. Chipsi hukaangwa mara mbili, kwanza kwa mafuta ya joto la wastani ili viazi viive ndani bila kupata rangi, kisha, oda ikiingia, kwa mafuta yanayokaribia nyuzi 190. Hata suflee ya jibini, chakula chepesi cha mayai kinachoumuka kwenye oveni, ambayo watu wengi huiogopa kama mtihani mkuu wa upishi, katika jiko lenye matawi mengi hupikwa mara mbili: huokwa asubuhi, huachwa ipoe na kushuka, kisha hurudishwa kwenye oveni ikiwa imemwagiwa krimu na ikaumuka tena. Suflee ya kawaida humlazimisha mgeni kuisubiri yenyewe. Hii ya mara mbili humsubiri mgeni, na kwa maoni yangu ndiyo mfano bora kabisa wa akili ya braseri.

Kwa hiyo hoja ya msingi ni hii: braseri inafaa kunakiliwa kwa sababu chakula chake, tangu asili, kilitegemea subira ya kabla ya mgeni kufika kuliko kipaji cha dakika ya mwisho. Subira inaweza kuandikwa kwenye karatasi kwa gramu, nyuzi na saa, ikafundishwa, na ikakaguliwa. Kipaji cha dakika ya mwisho hakiwezi. Mpishi mashuhuri anapofungua matawi ya braseri anachouza ni subira yake iliyoandikwa, na mgeni anayelalamika kwamba hakumwona jikoni analalamikia kitu ambacho hakikuwa kwenye bei.

Hata hivyo, si kila kitu kwenye menyu kinakubali kuandikwa. Steki ni kinyume cha bata. Haiwezi kuivishwa jana, na ikitoka motoni huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yake, hivyo mpishi wa kuchoma anapaswa kuitoa kabla haijafika anapotaka, kuipumzisha kwa dakika kadhaa, na kufanya hivyo akiwa na steki nane au tisa nyingine mbele yake, moja ya mtu anayetaka damu ionekane, nyingine ya mtu anayetaka iive kabisa, za unene tofauti na zilizoanza kwa nyakati tofauti. Karatasi ya maelekezo inaweza kumwambia kwamba katikati ya nyama ya kuiva nusu panapaswa kuwa na takriban nyuzi 55. Haiwezi kumwambia ageuze ipi sasa hivi. Sosi ya béarnaise, inayotengenezwa kwa viini vya mayai na siagi, nayo hukatika ikizidiwa na joto na huganda ikipoa, kwa hiyo hutengenezwa karibu na saa ya huduma na mtu mwenye mkono mzuri. Anayetaka kujua tawi fulani lina wapishi wa aina gani, badala ya kujua mwenye jina alikuwa mpishi wa aina gani, aagize steki yenye sosi hiyo siku ya Jumamosi usiku. Bata atamfundisha machache.

Nani basi yuko jikoni? Katika makampuni mengi ya namna hii, mwenye jina huwa na mpishi mkuu wa kundi zima, mara nyingi mtu aliyefanya kazi naye miaka mingi katika mgahawa wake wa kwanza, na huyo ndiye anayebuni vyakula vipya, kuvionja pamoja na mwenye jina, na kuviandika. Kila chakula kikikubaliwa hupewa karatasi yenye vipimo na picha ya sahani, ili sosi iwekwe upande uleule katika kila tawi. Kila tawi lina mpishi mkuu wake, ambaye kwa kweli ndiye mtu muhimu kuliko wote kwa mgeni wa usiku ule, ingawa jina lake huandikwa kwa herufi ndogo au lisiandikwe kabisa. Chini yake wapo wapishi wa vituo na vijana wa kumenya na kuosha. Karibu na mlango wa ukumbi ipo meza ambapo kila sahani hukaguliwa kabla ya kuchukuliwa na mhudumu, na ubora wa tawi hutegemea sana anayesimama hapo na kama ana ujasiri wa kurudisha sahani wakati oda zimerundikana.

Baadhi ya makampuni huwa pia na jiko kuu ambalo hupika mchuzi wa mifupa, sosi, mikate na vitamutamu na kuvisambaza kwa matawi, vingine vikiwa ndani ya mifuko isiyo na hewa. Hapa hasira za wageni hupanda, na nyakati nyingine hupanda kuliko inavyostahili. Kupika ndani ya mfuko uliozamishwa katika maji ya joto la chini hakukuletwa na viwanda peke yake. Mwaka 1974 Georges Pralus aliifanyia kazi mbinu hiyo kwa ajili ya ndugu wa Troisgros huko Roanne, wenye mgahawa wa nyota tatu, waliotaka ini la bata lisipoteze mafuta mengi likipikwa. Mchuzi uliopikwa vizuri katika sufuria kubwa sehemu moja unaweza kuwa bora kuliko ule uliopikwa vibaya katika masufuria ishirini. Panapostahili lawama ni pale menyu inapozungumza kana kwamba kila kitu kimepikwa palepale ilhali sivyo. Ufaransa ilijaribu kulitatua jambo hilo kisheria mwaka 2014 kwa kuweka masharti ya kutumia maneno "fait maison" (yaani, imetengenezwa nyumbani) na alama ya sufuria yenye paa la nyumba, ambavyo vinahusu chakula kilichotayarishwa palepale kwa kutumia vyakula vibichi. Kwa hiyo katika braseri ya Kifaransa, alama hiyo ikikosekana kwenye chakula fulani, nako ni kupewa taarifa.

Upande wa umiliki ndio uliofichika zaidi, na ndio unaoeleza kwa nini matawi mawili yenye jina moja yanaweza kutofautiana. Jina la mpishi mlangoni halimaanishi kwamba mgahawa ni mali yake. Wakati mwingine kampuni ni yake. Wakati mwingine ni ya wawekezaji na yeye ana hisa kidogo. Mara nyingine hoteli imejenga ukumbi, imeajiri wafanyakazi wote, na yeye ameleta jina, menyu na mpishi mkuu wa kuanzisha. Na kuna wakati jina limekodishwa tu kwa mfanyabiashara anayelitumia kwa masharti. Marco Pierre White ni mfano mzuri wa hali hiyo ya mwisho. Mwaka 1995, akiwa na miaka 33, alikuwa Mwingereza wa kwanza kupata nyota tatu za Michelin. Mwisho wa 1999 aliacha kupika na kuzirudisha. Na leo jina lake limo kwenye migahawa mingi ya steki nchini Uingereza, mingi ikiwa ndani ya hoteli, inayoendeshwa kwa mikataba ya kukodi jina. Nyota hazikuhama pamoja na jina, na haziwezi kuhama, kwa kuwa Michelin huupa nyota mgahawa na si mtu.

Katika mikataba ya kukodi jina, malipo kwa kawaida huhesabiwa kama asilimia ya mauzo na si ya faida. Kifungu hiki kidogo kina athari kubwa. Mwenye jina hupata fedha hata tawi likipata hasara, kwa hiyo anayebanwa na gharama ni mwendeshaji, na anayejua kwamba mgeni atarudi au hatarudi ni mwendeshaji, ilhali anayeharibiwa sifa ni mwenye jina. Mikataba yenye busara huziba pengo hilo kwa ukaguzi wa kushtukiza na haki ya kuliondoa jina mlangoni. Mikataba isiyo na busara huacha mpishi mkuu wa tawi akipunguza siagi ili hesabu ya mwezi ikae sawa.

Wala umaarufu si kinga. Le Petit Blanc ya Raymond Blanc iliingia chini ya wasimamizi wa mufilisi mwaka 2003, ikaokolewa na kampuni ya Loch Fyne Restaurants, na mwaka 2006 ikachukua jina la Brasserie Blanc. Jirani yake katika aina hii ya biashara, Jamie's Italian, iliyoanzishwa Oxford mwaka 2008, haikuokoka: Mei 2019 kundi la migahawa ya Uingereza la Jamie Oliver, mpishi wa televisheni, liliporomoka, migahawa 22 kati ya 25 ikafungwa mara moja na watu wapatao 1,000 wakapoteza ajira. Jina la Oliver lilikuwa bado linajulikana kila nyumba. Kodi za majengo, mishahara na ushindani mkali wa migahawa ya daraja la kati havikulijali.

Hilo linatufikisha kwenye bili. Tuseme mgeni nchini Uingereza ameagiza chakula cha pauni 30. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 imeshaingizwa kwenye bei, kwa hiyo pauni 5 ni za serikali na mgahawa unabaki na 25. Kwa kanuni ya mazoea ya biashara hii, viungo huchukua karibu asilimia 30 ya kiasi hicho, yaani pauni 7 na nusu, na wafanyakazi theluthi moja, yaani pauni 8 hivi. Zilizobaki, kama pauni 9 na nusu, ndizo zinazolipa pango, kodi ya jengo, gesi na umeme, kufua vitambaa, glasi zilizovunjika, ada za kadi, na, kama jina ni la kukodi, sehemu ya mwenye jina. Anayebakiwa na pauni moja au mbili amefanya kazi nzuri. Mgawanyo huo, hata hivyo, ni wa wastani. Nyama ya steki ni ghali na hula sehemu kubwa zaidi ya bei yake; vitunguu vya supu na mayai ya suflee hula kidogo sana. Ndiyo maana mhudumu hufurahi ukiongeza supu kabla ya steki, na ndiyo maana vyakula vya kwanza na vitamutamu husifiwa kwa maneno mengi kwenye menyu ilhali steki huandikwa kwa uzito wake tu.

Divai ni somo la peke yake, nitaligusa kwa ufupi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125 au nne na kidogo za 175, na watu wa biashara hii hupenda kusema kwamba glasi ya kwanza hulipia chupa nzima. Kwa watu wawili watakaokunywa glasi mbili kila mmoja, chupa karibu kila mara ni nafuu kuliko glasi. Maji ya bomba hayalipiwi: Ufaransa jagi la maji na mkate huja pamoja na mlo, na Uingereza mgahawa wenye leseni ya pombe hupaswa kuyatoa bure yakiombwa.

Zipo dalili chache ambazo mgeni anaweza kuzisoma hata kabla ya kuagiza. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, migahawa ya England iliyo chini ya biashara zenye waajiriwa 250 au zaidi inalazimika kuonyesha kalori za kila chakula kwenye menyu. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya afya, lakini inafichua ukubwa: braseri inayojitambulisha kama ya kifamilia, huku menyu yake ikiwa na namba hizo pembeni mwa kila chakula, kwa kawaida iko chini ya biashara kubwa. Dalili nyingine ni menyu ya bei moja ya mchana na mapema jioni. Katika matawi mengi ndiyo nafuu ya kweli iliyopo, kwa kuwa hujaza saa ambazo meza zingekaa tupu na hutumia vyakula vilevile vya subira ambavyo jiko limekwisha kuvitayarisha. Asiyetamani steki hana sababu kubwa ya kulipia menyu kamili ya saa mbili usiku, saa ambayo pia ataambiwa kwamba meza inatakiwa baada ya muda fulani.

Mwisho wa bili ya Uingereza mara nyingi kuna mstari wa ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 12.5. Wageni wengi huichukulia kama kodi, na sivyo: ikiwa imeandikwa kuwa ni ya hiari, mgeni anaweza kuomba iondolewe au ipunguzwe bila kutoa maelezo. Kwa muda mrefu kilichowatia watu shaka ni kama ada hiyo humfikia mhudumu au huishia kwa kampuni. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024 inawataka waajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi na ada zote za huduma bila makato yao wenyewe, na kuzigawa kwa haki, wapishi wa jikoni wakiweza kuhesabiwa pamoja na wahudumu wa ukumbini. Nchini Ufaransa bei ya menyu imeshajumuisha huduma kisheria, na sarafu zinazoachwa mezani ni za ziada tu. Kwa pauni 30 zile za mfano wetu, asilimia 12.5 ni pauni 3 na peni 75, na sehemu yake sasa inaweza kumfikia kijana aliyepaka chumvi mapaja ya bata siku mbili kabla mgeni hajafika.